Aliyejibu "Shida" Alipigiwa Simu

Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 simu janja na mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari, mjadala wa afya ya kidijitali umegeuka kuwa mjadala wa hesabu. Serikali inahesabu kaya zilizotembelewa, watu waliopimwa, na waliosajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024. Wakosoaji nao wanahesabu siku ambazo mtambo ulizima na wagonjwa waliorudishwa kutoka dirishani. Hesabu zote mbili zina ukweli wake, lakini zinamwacha nje mtu ambaye vifaa hivi vilinunuliwa kwa ajili yake: mwenye presha, kisukari, pumu au siko seli, atakayehitaji huduma mwezi huu, mwezi ujao, na pengine kila mwezi wa maisha yake. Hoja yangu ni kwamba teknolojia humsaidia mgonjwa wa aina hii pale tu inapomfikisha kwa mtu mwenye wajibu wa kumjibu, na kwa dawa iliyopo kwenye rafu. Kenya, pamoja na pesa na juhudi zote, imejenga nusu ya kupima na kuiacha nusu ya kujibu.

Niseme wazi kwamba kwenda kuwatafuta wagonjwa nyumbani ulikuwa uamuzi sahihi. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini ana presha ya juu, na kuwa asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Presha haiumi. Mtu hutembea na 180 kwa 110 akilima, akiuza samaki, akidandia matatu, mpaka asubuhi moja mdomo unapinda na mkono haunyanyuki. Kumngoja mtu kama huyo aje hospitali kwa miguu yake ni kukingoja kiharusi. Kwa hiyo wanaosema mikoba ile haikuhitajika siwaungi mkono.

Tatizo liko kwenye kile kinachofuata baada ya mkanda wa mashine kufunguliwa mkononi. Mfumo wetu wa afya ulijengwa kwa ajili ya homa. Unaugua malaria, unapimwa, unapewa dawa ya siku tatu, faili linafungwa. Foleni, dirisha la malipo, kadi, hata ripoti za mwisho wa mwezi, vyote vinamchukulia mgonjwa kama mgeni anayepita. Mwenye kisukari si mgeni, ni mkaazi. Ugonjwa mmoja tu ndio uliowahi kuilazimisha nchi hii kujifunza kumfuata mtu miaka nenda miaka rudi, nao ni UKIMWI. Pale Eldoret, mpango wa AMPATH ulioanza mwaka 2001 kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya huko na Chuo Kikuu cha Indiana ulilazimika kuweka rekodi za wagonjwa wake kwenye kompyuta, kwa sababu maelfu ya watu waliokuwa wakirudi kila mwezi hawangeweza kufuatwa kwa karatasi. Kazi hiyo ni sehemu ya chimbuko la OpenMRS, mfumo wa rekodi ulioanza 2004 na ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Ujuzi wa kumfuata mgonjwa wa muda mrefu kwa mtambo si kitu cha kuagiza kutoka nje. Umekuwapo hapa kwa zaidi ya miaka 20.

Na jaribio lililo bora zaidi kwa kuelewa suala hili lilifanyika kwa Kiswahili. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachukua watu wazima 538 waliokuwa wakianza dawa za ARV katika kliniki tatu za Kenya, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata huduma hiyo hiyo, pamoja na ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Aliyenyamaza pia alipigiwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliokuwa wakiulizwa hali walikuwa wakimeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao, na virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 yao dhidi ya 48. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, na dunia nzima ikaanza kuzungumzia nguvu ya SMS. Simu zilizotumika zilikuwa za kabambe, zile ndogo za vitufe. Hapakuwa na programu wala bando.

Soma jaribio lile tena polepole. Ujumbe haukumkumbusha mtu dawa, wala haukutaja dawa, virusi au kliniki. Ulimjulia hali kama jirani anavyomjulia hali jirani, na nyuma yake alikaa muuguzi ambaye ilikuwa kazi yake kupiga simu. Ujumbe ulikuwa kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mtu. Waliotaka kueneza mafanikio haya mahali pengi walichukua kamba wakamwacha mtu, kwa sababu kamba ni rahisi na mtu analipwa mshahara. Ndiyo maana wengi wetu tumewahi kupokea ujumbe wa "Kumbuka kula matunda na mboga" kutoka kwa namba isiyoweza kujibiwa. Mjini Cape Town, watafiti waliwafuatilia watu 1,372 wenye presha, baadhi yao wakitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha dawa na kliniki. Matokeo ya 2016 yalionyesha presha ilishuka kwa takriban milimita 2 tu za zebaki zaidi ya wale wasiotumiwa. Kwa taifa zima hizo milimita 2 zina maana. Kwa mama mwenye 180, bado ni mgonjwa yule yule.

Wala sitaki kumfanya muuguzi wa simu kuwa jibu la kila kitu. Mbinu ile ile ya kujuliana hali ilijaribiwa tena Kibera, kwa watu 700 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa huduma za VVU, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha kwamba iliwafanya wabaki kliniki zaidi ya wenzao. Magharibi mwa Kenya, watafiti wa AMPATH waliwapa wahudumu wa jamii simu janja za kuwasaidia kuzungumza na watu wenye presha na kuwaelekeza kliniki. Utafiti ule ulihusisha watu 1,460, ukachapishwa 2019. Waliofika kliniki waliongezeka. Presha yenyewe haikushuka kwa tofauti ambayo watafiti wangeweza kuitegemea. Mimi naisoma hivi: simu inaweza kumfikisha mtu mlangoni, lakini haiwezi kumlipia nauli ya mwezi wa nne, wala kujaza rafu aliyoikuta tupu. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2021, uliwakutanisha wagonjwa wa presha na sukari katika vikundi vya matibabu ya pamoja vilivyounganishwa na mikopo midogo, na hapo presha ilielekea kushuka zaidi ya huduma ya kawaida, ingawa tofauti hiyo nayo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Chama cha kuweka na kukopa, kwa maneno mengine. Watu waliojuana, waliokutana, waliokuwa na senti mfukoni.

Nina daftari la mama yangu hapa mezani. Ni daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndiyo rekodi yake yote ya presha kwa miaka sita, kwa kalamu za rangi tofauti na miandiko isiyopungua kumi. 168/102. 172/98. 159/94. Chini ya namba, karibu kila mwezi, kuna maneno matatu: "dawa hakuna, nunua". Hakukosa siku ya kliniki hata moja. Nilimsindikiza mara kadhaa mpaka kwa kemisti nje ya geti, akiwa na noti ya kutosha nusu ya dawa. Muuzaji alichukua mkasi, akakata tembe kumi kutoka kwenye karatasi yake ya fedha, na jina la dawa pamoja na tarehe ya kuharibika vikabaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Tembe kumi zikaingia kwenye bahasha ndogo ya kaki, ikaandikwa "1x1". Mama alizigawa nyumbani, siku moja anameza, siku moja anapumzisha, ili zifike mwisho wa mwezi.

Nimesimulia hilo kwa sababu hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ambayo ndiyo inayouza programu nyingi, ni kwamba wagonjwa wetu hawafuati dawa kwa kuwa wanasahau au hawaelewi. Ukishakubali hoja hiyo, dawa ya tatizo ni kengele: simu ilie saa mbili, ujumbe wa kufundisha uingie saa nne. Hakika wapo wanaosahau, hata mimi husahau antibayotiki ya siku tano. Lakini anayemeza siku moja na kupumzisha siku moja hajasahau chochote. Amepiga hesabu kali kuliko ya mhasibu. Kumtumia kengele mtu kama huyo ni kumkumbusha kwamba hana pesa. Ndivyo ilivyo kwa sukari pia. Mashine ya kupimia inaweza kutolewa bure siku ya uzinduzi, lakini kila aina ya mashine hutumia stripu zake yenyewe, kila tone la damu ni stripu moja, na stripu zikiisha mashine hukaa kabatini karibu na vikombe vya wageni. Programu inayochora mstari wa sukari kwa rangi nzuri inahitaji namba za kuchora. Namba zinahitaji stripu, na stripu zinahitaji mtu aliyeziweka kwenye bajeti.

Wako pia wanaosema basi turudi kwenye karatasi. Hoja yao ina uzito zaidi kidogo kuliko ile ya kengele, kwa sababu daftari halizimiki umeme ukikatika na mgonjwa analimiliki mwenyewe. Hata hivyo siikubali. Daftari la mama lingeloa mvua moja tu, miaka sita ingepotea. Mgonjwa akihama Mombasa kwenda Kisumu kwa mtoto wake, daktari mpya anaanza upya, anampa dawa iliyowahi kumvimbisha miguu, kwa sababu ukurasa ulioeleza hayo ulichanika. Zaidi ya hapo, yale maneno "dawa hakuna, nunua" yaliandikwa kwenye daftari la mtu mmoja na yakafia humo. Hakuna afisa wa kaunti aliyeyaona yakijirudia mwezi baada ya mwezi katika maelfu ya madaftari. Hapo ndipo mtambo ungekuwa na faida isiyo kifani: kumfanya aliye juu aione rafu tupu siku ile ile ilipoisha, na akose pa kusema kwamba hakujua.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa serikali ni kwamba mambo hujengwa kwa hatua. Pima kwanza, sajili kwanza, mengine yatafuata. Ningeikubali kama mpangilio wa fedha ungeelekea huko. Tazama muundo wenyewe. Sheria ya 2023 iliunda mifuko mitatu: wa huduma za msingi, wa bima yenyewe unaochangiwa kwa asilimia 2.75 ya mapato au angalau shilingi 300 kwa mwezi, na ule wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mwenye presha akisikia "magonjwa sugu" hudhani mfuko huo ni wake. Kumbe uliwekwa uanze kulipa pale kiwango cha bima kinapokwisha, yaani ni mfuko wa gharama kubwa za saratani, figo na wodi ya mahututi. Tembe ya kila siku ya mama yangu iko kwenye huduma za msingi, kwenye zahanati ya mtaani, mahali ambapo kemisti wa nje ya geti hupata riziki yake. Tunalipa mfuko mkubwa kusafisha figo zilizoharibiwa na presha ambayo mfuko mdogo ulishindwa kuidhibiti kwa tembe. Na mhudumu wa jamii, ambaye ndiye pekee anayeweza kuwa yule mtu wa mwisho wa kamba, anahudumia takriban kaya 100 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huyo tumemkabidhi simu. Wajibu wa kumjibu mgonjwa, na mshahara unaolingana na wajibu huo, hatujampa.

Kuna suala la data, na hapa hofu ya wananchi naiona ya haki kabisa. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inazitambua data za afya kuwa rasilimali ya kimkakati ya taifa. Desemba 2025, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani iliyohusu kuhamisha data za wagonjwa, baada ya mashirika ya wananchi kwenda kortini. Ilikuwa sawa kwenda. Lakini kwa mgonjwa wa kila siku hatari huanzia karibu zaidi ya ng'ambo, huanzia kwenye simu ya familia iliyo mikononi mwa shemeji. Waliotunga "Mambo?" waliliona hili kabla ya sheria hiyo. Ujumbe wao ungesomwa na nyumba nzima na usimfichue mtu. Linganisha na ujumbe unaotaja jina la kliniki na tarehe ya kuchukua dawa, kwenye simu inayopokezanwa na watu wanne. Ukifikiria usiri kuanzia nyumbani kwa mgonjwa, hata namna ya kuuliza inabadilika.

Na ni nani mwenye kamba? Rwanda inatupa funzo lililo jirani. Kampuni ya Babylon ya Uingereza ilianza huduma ya ushauri wa daktari kwa simu huko mwaka 2016 kwa jina la Babyl, ikafanya kazi na bima ya taifa, na kusajili zaidi ya watu milioni 2 katika nchi ndogo kama ile. Mwaka 2023 kampuni mama ilianguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Wanyarwanda hawakuwa na kosa lolote, walikuwa wameizoea namba. Sisi nasi tuliona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, jinsi kliniki na mifumo iliyotegemea mkono mmoja inavyoweza kutetereka kwa amri ya siku moja. Mgonjwa wa malaria anaweza kuvumilia programu ikifungwa, maana alikwisha pona. Mwenye kisukari aliyezoezwa kutegemea sauti fulani kwenye simu anaachwa katikati ya barabara ndefu. Kwa hiyo mkataba wowote wa afya ya kidijitali kwa magonjwa ya kudumu unapaswa kueleza, kabla ya kusainiwa, rekodi zitabaki kwa nani na nani atapokea simu siku mwenye kampuni akifunga ofisi. Mkataba usioeleza hayo hauwatendei haki watu hawa, hata kama ni wa bure.

Yote haya yanabadilisha swali tunalopaswa kuwauliza viongozi wetu. Idadi ya waliosajiliwa haitoshi, na idadi ya waliopimwa haitoshi. Duniani kote, kwa makadirio yaliyochapishwa 2021, ni kama mtu mzima mmoja tu kati ya watano wenye presha ambaye presha yake imedhibitiwa, na nchi zilizopandisha kiwango hicho ziliweka dawa chache zilizo nafuu kwenye kila kituo na kumfuata kila mgonjwa kwa jina. Kwa hiyo gavana anaposimama kutangaza watu waliopimwa katika kaunti yake, aulizwe hivi: kati ya waliokutwa na presha ya zaidi ya 140 mwezi wa tatu, wangapi walipimwa tena mwezi wa sita, na wangapi kati yao wako chini ya 140? Wangapi walifika zahanati wakakuta tembe? Nani aliwapigia wale ambao hawakufika? Vipimo vya mlangoni na majina ya waliopewa rufaa vimo tayari ndani ya zile simu, na orodha ya dawa zilizotoka iko kwenye kitabu cha kila zahanati. Kuvikutanisha ni kazi ya karani mmoja katika kila wadi, bila kununua simu nyingine hata moja.